Daktari Nyuma ya Pazia la Kinyozi

Mpendwa Babu Domo, naomba msaada, maana nikizidi kunyamaza nitapasuka. Mimi ni mhadhiri wa historia, nimechukua likizo ya utafiti, chuoni wanajua niko nyumbani naandika kitabu, nyumbani wanajua niko chuoni, kumbe niko kwa kinyozi nanyoa watu, na usingizi ninaolala siku hizi sijawahi kuulala tangu nipate udaktari, sitaki tena vile vikao na makala zinazosomwa na watu wawili, mmoja mimi mwenyewe. Tatizo ni baba. Mtaani hajitambulishi tena kwa jina, ni "mimi baba wa Daktari". Juzi kaingia dukani kwetu kunyolewa ndevu, nikaruka nyuma ya pazia tunapoanika taulo, mwenzangu Mkono Mwepesi akamkalisha, mzee akaanza, "Mwanangu saa hizi anafundisha. Ukumbi umejaa, hakohoi mtu." Kisha akauliza, "Huyo nyuma ya pazia nani?"

"Fundi mgeni, mzee. Ana haya."

"Mwambie kazi haina haya."

Mzee kasema Jumamosi anarudi, chuo nacho kinataka jibu langu Ijumaa kama narudi kufundisha, na mama anasema presha ya baba haitaki habari mbaya. Nirudi darasani, au nimwambie nimuue?

*Babu Domo anajibu:*

Wewe Daktari wa mapazia, pole, lakini acha kumzika mzee angali anacheka. Mimi shule niliiacha darasa la tano, na mwalimu alifurahi kuliko mimi, kwa hiyo kuacha kazi hakunitishi. Ulichosoma hakuna wa kukinyoa kichwani. Kosa lako ni kumwacha baba yako ajisifu mbele ya watu wanaojua ukweli, nawe umesimama hapo umekumbatia taulo. Siku akiusikia kwa mteja, hatalilia chuo. Atalia kwamba mtaa mzima ulijua, yeye peke yake hakujua.

Sasa sikiliza. Chuo kipe jibu kesho, kwamba hurudi, na wanafunzi unaowasimamia wamalizie, usiwatupe njiani. Jumamosi usiingoje. Chukua wembe mpya, nenda kwa mzee, mkalishe uani, mpake povu mashavu yote mawili, ndipo umwambie. Mwenye povu haendi kusimulia majirani. Akikutukana, pokea. Akinyamaza, usimpe mhadhara. Mnyoe shavu la kwanza taratibu, halafu subiri. Akikugeuzia la pili, umeshajibiwa.