Majembe Nyuma ya Gwaride

Jumamosi, 8 Machi
Mvua tena. Tangu saa tatu asubuhi tumelala kifudifudi kwenye mahandaki, uwanja wa nyuma ya kanisa, hapa Bladensburg, Marekani. Tunaigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wamarekani, miezi ile ya mwisho. Kaskazini wameuzingira mji, Kusini wana njaa. Njaa yenyewe wanaiigiza huku wanatafuna donati. Koti la sufu likilowa linanuka mbwa.

Mimi ni askari mweusi wa Kaskazini. Tuko sita. Mutiso, Mkenya jirani yangu wa ghorofa ya chini, yumo. Wanne ni Wamarekani weusi wa hapahapa. Aliyeniingiza ni Bwana Walter, mwenyekiti wa kikundi. Mama yake yuko kwenye nyumba ya wazee kule Takoma Park ninakofua nguo. Aliniona nakunja mashuka, akasema nina mwili wa askari. Nilicheka. Leo magoti yananiuma, sicheki.

Jumamosi, 22 Machi
Hawajui kutembea. Watu arobaini, kila mmoja na mguu wake. Nimevumilia, nimeshindwa. Nikatoka mbele nikapaza sauti kama afande wangu wa jeshi la kujenga taifa: Mguu sawa! Mbele tembea! Kushoto, kulia! Kiswahili hawajui hata cha kuombea maji. Sauti wameielewa. Baada ya saa moja walikuwa wanatembea kama watu.

Walter kanipa mkono, kaniita sajenti. Kuanzia leo kwata ni kazi yangu. Gwaride la ushindi ni tarehe 24 Mei, barabara kuu. Nimempigia mama kule Singida. Anataka video, ataionyesha hadi kwa mchungaji.

Jumamosi, 5 Aprili
Mji mkuu wa Kusini umeanguka. Askari weusi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia. Hilo ni kweli, limo vitabuni. Basi leo tumeingia sisi, mbele kabisa. Bibi mmoja kwenye watazamaji kanishika mkono huku analia. Sikujua nimfanyeje. Nimejivuna, naandika wazi. Binti yangu Neema kapiga picha hamsini. Ana miaka kumi na miwili na kwa kawaida ananionea aibu mbele za watu.

Jumapili, 13 Aprili
Jana Kusini wamesalimu amri. Vita vimekwisha. Limebaki gwaride. Kwata mara mbili kwa wiki, baada ya zamu. Mgongo umekufa. Lakini wanapendeza sasa.

Jumanne, 6 Mei
Walter kanifuata hadi chumba cha kufulia. Kasema kamati imesoma zaidi. Gwaride lile la ushindi, enzi zile, vikosi vya askari weusi havikuwemo. Vilikuwa vimepelekwa mbali, mpakani Texas. Kwa hiyo sisi sita hatutakuwemo. Inamuuma, kasema. Lakini historia lazima iwe sahihi.

Sahihi! Jenerali wetu anakuja na gari la umeme. Mpiga tarumbeta ana miaka sabini na goti la chuma. Kusini wamekufa njaa na donati mkononi. Kote huko sawa. Usahihi umeanza ilipofika zamu yetu. Wale wa zamani walidhulumiwa. Hawa wanairudia dhuluma ileile kwa makini, tena na karatasi mkononi.

Halafu kaniomba niendelee kuwafundisha kwata. Shukrani ya punda ni mateke. Nimemgeuzia mgongo nikawasha mashine.

Alhamisi, 8 Mei
Ujumbe wa Walter. Kamati imepata njia. Gwaride la zamani lilikuwa na watu weusi kadhaa: vibarua wa jeshi, wamebeba majembe. Basi nasi tubebe majembe, nyuma.

Jembe silidharau. Limenilea, na mama yangu bado analishika. Lakini tangu Machi nimebeba bunduki kwenye matope, na mji niliuingia wa kwanza. Nimekataa. Wawili wamekataa pamoja nami.

Jumamosi, 10 Mei
Mutiso kakubali. Tumegombana kwenye ngazi. Kasema: "Buda, watoto washaambia class yote daddy ako kwa parade. Sasa niwashow nini?" Nikamwita msaliti. Mkewe alikuwa mlangoni, kasikia. Neno baya, na sikulirudisha.

Kwata sijaenda. Sitaenda.

Jumatano, 21 Mei
Mama kapiga. Gwaride lini? Nikasema Jumamosi, basi. Sikumwambia. Mwoga mimi. Anayejua ni Neema tu. "That's so messed up, Baba," kasema. "We should go anyway." Nikamuuliza twende kufanya nini. Kachomeka simu yake kwenye chaji.

Jumamosi, 24 Mei
Tumekwenda. Nimevaa koti, vifungo vyote. Tukasimama pembeni, mbele ya duka la maua.

Wamekuja bila mguu. Kufikia kona ya kwanza, fujo tupu, wanakanyagana visigino. Walter mbele na upanga wake. Kaniona. Wa mstari wa mbele wakaniona pia, macho yote kwenye mdomo wangu. Neema akaninong'oneza niwahesabie: "Baba, count." Sikufungua mdomo. Wamepita jukwaa la wakubwa wakiwa hivyohivyo. Sijuti hata kidogo.

Wakafuata farasi wawili, kisha gari la zimamoto. Watu wakaanza kukunja viti. Nyuma kabisa, majembe matatu. Mutiso katikati, shati limechanika makusudi, jembe begani kama nilivyomfundisha kuweka bunduki. Wote watatu mguu mmoja.

Nikapiga mguu sawa. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Kwa sauti yote niliyonayo. Mutiso hakugeuka. Askari hageuki. Nimehesabu mpaka wakakata kona, na watu walikuwa wananishangaa, na washangae.

Jumapili, 25 Mei
Nimefua koti la kikundi. Linakauka bafuni, kesho nalirudisha.

Asubuhi nilishuka kumwomba Mutiso radhi. Mkewe kanipa chai. Mutiso kanisogezea kiti.

Video aliyopiga Neema nimemtumia mama. Kapiga mchana. Wale wa mbele, kasema, wanatembea kama ng'ombe walioona fisi. Kauliza mimi ni yupi. Nikamwambia simo. Nikamweleza yote, na majembe pia.

"Wewe sijakuona," kasema. "Lakini hao wa majembe wanatembea kwa sauti yako."