Kahawa ya Mzee Mbichi

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Nahesabu umeitikia. Nina habari ya kukupa, na kama huko uliko kuna kigoda, kaa kwanza: umeshinda!

Unakumbuka msimu ule nikiwa darasa la tatu, tulipochuma mimi na wewe mstari wa juu, karibu na mfereji? Tulirudi tunatamba, vikapu vimejaa. Bibi akamwaga kahawa kwenye mkeka, akashika kiuno. "Nusu nzima mbichi! Mzee, hayo macho umeyaazima?" Watoto wa jirani wakalidaka hilo, na tangu siku hiyo kijiji kizima kikakuita Mzee Mbichi. Wengine wakasema ni ulevi wa mbege. Wewe, ambaye mbege hukuionja hata arusini! Iliniuma sana, kwa sababu na mimi nilikuwa naona vilevile: kahawa zote rangi moja, na majani yake pia.

Hukubishana. Ulinivuta nyuma ya mgomba, ukaniwekea kahawa moja kiganjani. "Usiiangalie. Ibonyeze. Iliyoiva inakubali dole." Lakini tulikuwa tumeshachelewa. Bibi alitupiga marufuku kugusa mibuni, sote wawili, na ukafa na jina lile.

Sasa mimi ni mwalimu wa sayansi hapahapa Old Moshi. Jumamosi iliyopita niliwaleta wanafunzi wangu wa darasa la tano uani kwako wajifunze mwanga. Tuliweka beseni la maji juani, kioo ndani yake, na rangi za upinde wa mvua zikatua kwenye ukuta wa banda la ng'ombe. Kelele zake! Nikawaambia mwanga wa jua ni kama makande: chungu ni kimoja, kumbe ndani mna mahindi na maharage. Maji yanautenganisha. Kahawa iliyoiva inameza rangi nyingine, nyekundu inaitema, na hiyo iliyotemwa ndiyo inayotufikia machoni.

"Na wewe mwalimu, unaona rangi ngapi pale?" akauliza Neema, mdadisi wa darasa.

Nikakohoa. Nikasema ukweli, kwamba nyekundu na kijani kwangu ni pacha. Bibi, aliyekuwa pembeni anamenya ndizi, akaguna. "Visingizio vya babu yake hivyo."

Ehe! Nikasema leo ndiyo leo. Nikamwomba aingie jikoni, nikaziba dirisha kwa gunia, nikaurudisha mlango ukabaki upenyo tu. Nikampa bakuli la kahawa mbivu na mbichi zilizochanganywa, na kijiko cha kuchagulia. "Bibi, tuchagulie mbivu. Kwa macho tu." Akaanza kwa madaha. Mara akasita. Nikaona dole gumba lake linanyemelea bakuli.

"Hapana, Bibi! Hiyo ni mbinu ya Babu."

Tulipofungua mlango, watoto walichungulia alizochagua, wakapiga kelele, "Nusu nzima mbichi!" Wala hawakujua wanarudia maneno ya nani.

Nikawaeleza kwamba nyuma ya jicho kuna walinzi wa rangi, na gizani wote wanalala. Kwako na kwangu, mlinzi mmoja hajawahi kuwa macho sawasawa tangu tuzaliwe, hata jua la saa sita halimwamshi. Mama yangu, Aneth wako, aliipokea hali hiyo kwako akanipa mimi. Si uvivu, si pombe.

Bibi alitoka hadi mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, akakata jani la isale, lile ambalo kwetu ukiletewa huwezi kukataa kusamehe. Akaliweka juu ya kaburi lako, kati ya migomba. "Baba Aneth, nimekosa." Nililia mbele ya wanafunzi wangu, na sioni haya kukwambia.

Leo asubuhi kanishikisha kikapu. "Nenda. Bonyeza." Nimechuma ule mstari wetu wa juu, macho nimeyafumba makusudi. Bibi akamwaga kwenye mkeka, akapekua moja moja, nami nimesimama pembeni kama mtoto wa darasa la tatu. Halafu akasimama, akaenda mpaka njiani wanakopita watu, akapaza sauti yake ileile unayoijua:

"Hakuna mbichi hata moja!"

Pumzika sasa, Babu, kwa jina lako mwenyewe.

Mjukuu wako,
mwenye macho yako na dole gumba lako