Kengele za Wimbo wa Pili

Mwanza, 14 Januari 2024

Shikamoo Baba. Hujambo, na Mama naye hajambo? Mimi mzima. Kazi ya maabara inaenda, ila wadudu wa ziwani wanatuingilia mpaka kwenye chai.

Katika kifurushi hiki kuna vitenge viwili vya Mama na kadi ya memori niliyoifunga kwenye bahasha ya dawa. Usiitupe. Ina albamu moja ya muziki ambao nina hakika hujawahi kuusikia. Nilipewa na Veronika, mwenzangu wa maabara, siku niliyomwambia kwamba mlio wa mashine yetu ya kuzungusha damu unanipendeza. Alicheka, akasema wapo watu wanaotengeneza muziki wa namna hiyo kwa makusudi, kwa vinanda vya umeme.

Nyimbo ni nne tu, kila moja dakika ishirini. Hakuna maneno, hakuna ngoma. Sauti moja inakaa, inakaa, halafu nyingine inaingia polepole kama mtu aliyechelewa ibadani. Kila nikiusikiliza nakuwaza wewe unavyoishika ile noti ya kwanza kabla kwaya haijaanza. Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza, kwa hiyo nataka maoni yako. Iweke kwenye ile redio yako ndogo.

Binti yako,
Jesca

Shangani, Mtwara, 4 Februari 2024

Mwanangu Jesca, marahaba. Tuko salama, isipokuwa magoti yangu ambayo bado yanakumbuka ngazi za winchi pale bandarini. Vitenge mama yako ameshavipeleka kwa fundi.

Sasa huo muziki. Wimbo wa kwanza niliungoja uanze mpaka ukaisha. Nilidhani umenirekodia jenereta. Siku ya tatu niliurudia huku namenya mihogo, nikashtukia mihogo imekwisha na mimi bado nimekaa, kwa hiyo sitasema ni mbaya. Wenye kasoro ni wimbo wa pili. Unaanza vizuri, halafu dakika ya tano kimya mpaka ya kumi na mbili. Niliipeleka kadi kwa Issa, fundi simu wa sokoni. Akaisafisha kwa spiriti, akaicheza, akasema ni nzima, na wateja wake wote wakanyamaza eti wanasikiliza. Mimi nilikuwa palepale na sikusikia kitu. Watu siku hizi wanaona aibu kukiri kwamba hawajui kazi. Nitumie kadi nyingine.

Habari ya pili utaisikia kwa watu, bora uipate kwangu. Nimemsimamisha mama yako kuimba kwaya. Tangu Krismasi sauti ya kwanza, ile ya juu anayoimba yeye, imelegea, na nikimtazama naona anachezesha mdomo tu, hakuna kinachotoka. Nimewaonya wengine kwa kosa hilohilo, nisingeweza kumwacha yeye kwa kuwa ni mke wangu. Alikubali bila kubisha. Ananipakulia chakula kama kawaida, ila tangu siku hiyo haimbi hata akifua.

Baba yako

Mwanza, 19 Februari 2024

Shikamoo Baba, na pole kwa magoti.

Issa hakukudanganya, kadi ni nzima. Nimeusikiliza wimbo wa pili huku nimeshika saa. Kuanzia dakika ya tano mpaka ya kumi na mbili kuna kengele ndogo, nyembamba, za juu kabisa, na hazikatiki. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Usikasirike Baba. Siku hizi nikipiga simu unampa Mama kabla sijamaliza salamu. Ulisema simu ni ya misiba na bei ya korosho, nami nikaamini. Naomba ufanye jambo moja. Kaa mezani na Mama, uweke wimbo wa pili. Mwambie anyanyue kidole anaposikia kengele, akishushe zikinyamaza. Wewe mtazame tu.

Binti yako anayekupenda,
Jesca

Shangani, Mtwara, 12 Mei 2024

Mwanangu Jesca, marahaba, na marahaba ya zile barua mbili ambazo sikuzijibu. Nilizisoma.

Nilifanya ulivyosema siku ileile barua ilipofika. Mama yako alinyanyua kidole, nami nikangoja akishushe. Hakukishusha. Nilisikia lori tu likipita barabarani. Dakika saba nzima kidole kiko juu na mimi nakitazama.

Nilimwuliza ameanza lini kujua. Akasema, "Tangu kabla ya Krismasi. Nilikuwa naimba, Baba Jesca. Ningekubishia mbele ya kwaya, wangejua kwamba husikii."

Nililia, mwanangu, wala sikufichi.

Nimepimwa hospitali. Unavikwa vitu masikioni, unabonyeza kitufe ukisikia mlio. Nilidhani nafanya vizuri mpaka nilipoona uso wa daktari. Sauti za juu zimeondoka na hazirudi, za chini bado ninazo. Ni kelele za miaka thelathini ya kuendesha winchi. Vile vya kuziba masikio tulipewa, mimi changu nilikitundika msumarini kwa kuwa nilitaka kuisikia injini.

Nimemwomba mama yako msamaha na amenisamehe, ila kurudi kwaya amekataa. Anasema nilimtoa mbele ya watu, nimrudishe mbele ya haohao na niwaambie sababu. Hapo ndipo nilipokwama. Mwalimu wa kwaya asiyesikia sauti ya kwanza ni wa nini? Kila Jumamosi naenda mazoezini nimekusudia kusema, na kila Jumamosi narudi sijasema. Mama yako haniulizi.

Kama kuna muziki wa watu kama mimi, nitumie.

Baba yako

Mwanza, 27 Mei 2024

Shikamoo Baba yangu. Korosho zimefika, na Veronika amezila zaidi yangu.

Tumechambua albamu tisa, tukaondoa kila yenye kengele. Hii iliyobaki ni sauti za chini tupu, na inakwenda taratibu mno. Usiitegee masikio peke yake. Ilaze redio kifudifudi juu ya ile meza ya mninga, uweke viganja vyote viwili kwenye mbao. Wimbo wa tatu utaupata mikononi kabla ya kuusikia.

Kuhusu swali lako: miaka yote niliyokuwa kwaya niliangalia mikono yako. Sote tuliangalia mikono. Masikio yako hatukuwahi kuyaangalia, Baba.

Binti yako,
Jesca

Shangani, Mtwara, 7 Julai 2024

Mwanangu, marahaba. Mwezi mzima mezani petu tumekuwa tukila kidogo na kusikiliza sana. Mimi naweka viganja upande huu, mama yako upande ule.

Jana mazoezini nilisema. Niliwaambia kwamba sauti ya kwanza siisikii tangu mwaka jana, na kwamba nilimwonea mke wangu. Mzee Elisha wa sauti ya nne akasema walikuwa wanajua, walikuwa wananiogopa tu. Tumekubaliana Tumaini wa sauti ya pili awe anaisikiliza sauti ya kwanza, mikono ibaki yangu.

Halafu, badala ya wimbo, niliwaomba noti moja bila maneno kwa dakika kumi, kila mmoja apumue kwa zamu yake isikatike, kama hao watu wako. Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Katikati mama yako, ambaye kumbe alikuwa nje akisikia yote, akaingia, akasimama mahali pake. Niliona mdomo wake umefunguka. Kiganja changu kilikuwa kwenye ubao wa kinanda, nikaipata sauti ya nne, nikaipata ya tatu. Yake sikuipata.

Nyumbani nilimwuliza kama aliimba. Akasema, "Mwulize Jesca." Tumaini alirekodi kwa simu yake, kadi ndiyo hii. Niandikie ukweli.

Baba yako

Mwanza, 18 Julai 2024

Shikamoo Baba, na shikamoo Mama ambaye najua anasomewa.

Albamu yako tumeisikiliza mimi na Veronika wakati wa chakula, mlango tumeufunga. Mwanzo ni sauti za chini, mtu anakohoa, benchi linalia. Dakika ya tatu ndala za Mama zinaingia. Dakika ya nne sauti moja inapanda juu ya zote, nyembamba, na anapumua saa ngapi sijui. Veronika akauliza hicho ni kinanda gani. Nikamwambia ni mama yangu.

Usiniamini mimi. Kaa naye mezani, uiweke tena, umwambie anyanyue kidole pale anapoanza. Kaa vizuri, Baba, maana hatakishusha mpaka mwisho.

Binti yenu,
Jesca