Vifuniko Ulivyovitundika

Baba,

Jana nimeviona vifuniko vyako. Nekesa amevitundika vyote katika ukumbi wa mtaa hapa Makadara, na watu wanapanga foleni kuingia. Unavua viatu mlangoni, unasukuma pazia, na hapo vifuniko vya sufuria vinakuzunguka, vinaning'inia kwa waya kutoka darini hadi usawa wa mabega. Huwezi kupita bila kuvigusa. Ukigusa kimoja, vinaamshana, na mlio unakujaa mpaka husikii foleni ya nje. Mwanamke mmoja alitoka akijifuta machozi. Kijana nyuma yangu akasema, "Huyu mzee alikuwa noma," nami nikataka kumgeukia nimwambie kwamba mzee huyo ni wangu.

Nani angeniamini? Wanayemjua ni Nekesa. Anasimama pale mlangoni na aproni yako ya turubai, akisema, "Mzee wangu alinifundisha." Mzee wangu. Alikuja kibandani kwako Kariobangi kujifunza kukunja bati za masanduku ya shule, Baba. Hakuzaliwa kwako.

Nakuambia kwa sababu huwezi kunikemea: namwonea wivu. Anajua ulivyoshika koleo. Anajua ulivyokohoa mwaka ule wa mwisho, mimi nikiwa chuoni nikiandika kuhusu sanaa ya watu wengine. Siku niliyofika na dawa, ulisema, "Nekesa ameshaninunulia," kama mtu anayenipunguzia mzigo. Niliingia chumbani nikafunga mlango. Hukujua kwa nini.

Mimi nilikuwa na Jumapili tu. Kanisa la Nekesa halimalizi mpaka jioni, kwa hiyo nilikuletea chakula kibandani, tukawa wawili. Ndipo uliponieleza. Nyumba za kanjo, za halmashauri ya jiji, tulimokuwa tukiishi zilipotakiwa kubomolewa yajengwe maghorofa, ulipita mlango kwa mlango ukiomba kitu kimoja: kifuniko kisicho na sufuria. "Kila nyumba inacho," ulisema. "Sufuria inatoboka, inaenda kwa chuma chakavu. Kifuniko kinabaki kimekaa tu, kama shemeji aliyekuja wikendi."

Ukavitundika pale kibandani kwa mpangilio wa milango yetu, safu kwa safu, ili anayepita katikati awe anapita mtaani kwetu. Mama Rispa wa nyumba ya saba na Baba Oti wa nyumba ya nane hawakuwahi kupatana, na vifuniko vyao uliviacha vigongane. Nilipotaka kuvisogeza ulinizuia. "Usiwatenganishe. Watakosa la kuzungumza."

Mpangilio huo hukuuandika popote. Tulipokusafirisha nyumbani kukuzika, mwenye kibanda alitaka nafasi yake. Nekesa akabaki, akavishusha vyote, akavitia magunia. Alikosa mazishi yako kwa ajili hiyo. Sikumshukuru. Nilimwambia, "Hata siku moja tu ulishindwa kuja."

Jana mgeni alimuuliza vilipangwaje. Akajibu, "Kwa ukubwa. Mzee alipenda mambo yawe sawa." Kifuniko cha Mama Rispa kiko mbele, karibu na dirisha. Baba Oti wamemtupa nyuma kabisa, kati ya watu wa safu nyingine. Nililiona kosa, Baba, nikalifurahia. Nilisimama miguu mitupu kwenye saruji, nikifurahi.

Nekesa akanijia, akasema kwa sauti ya chini, "Prof, kuna kitu hakikai. Nimevipanga mara tatu na bado havilii kama kule kibandani." Ananiita Prof kunitania, lakini jana hakuwa anatania. Aliningoja niseme neno.

Nikamwambia, "Viko sawa hivyo."

Nikatoka. Nilitembea Jogoo Road hadi nikapita soko la Burma, viatu bado sijafunga kamba. Nikimwambia, atakuwa na wewe wiki nzima, na Jumapili yangu juu yake. Mimi nitabaki na nini? Lakini nikinyamaza, majirani zetu watakaa kwa ukubwa wa sufuria zao, na nitakapokufa hakuna atakayejua nani aliishi karibu na nani. Ulizunguka mtaa mzima ukiomba vifuniko ili hilo lisitokee. Nami nilikuwa tayari kulipoteza, mradi asilipate yeye.

Leo asubuhi nimemwandikia ujumbe haraka, kabla moyo haujageuka: Jumatatu, ukumbi ukiwa umefungwa, tukutane, vifuniko vinarudi mahali pake. Amejibu maneno matatu. "Nilijua ulikuwa unajua."

Bado namwonea wivu. Sitakudanganya kwamba umeisha.

Lala, Baba. Nakuahidi nitamwonyesha kila mlango, na nitamwambia nani aliishi pale. Ila kifuniko cha nyumba yetu nitakitundika mimi, kwa mkono wangu. Yeye atanishikia ngazi.

Binti yako wa kuzaa,
Ayuma