Anueni, Mvua Hiyo

Mama mkwe wangu, Bi Riziki,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, kwa njia anayoijua Mola mwenyewe. Sie hatujambo. Jiko lako lina bati siku hizi, halivuji. Salma mwanao bado ananigombeza kama ulivyokuwa ukinigombeza wewe, ila sauti yake haivuki ua. Ile sauti yenyewe umekwenda nayo, Mama. Kipande kilichobaki nilikiiba mie.

Wizi huo uliujua. Nakuandikia kwa sababu ya uongo niliokwambia, ukatangulia sijakutaka radhi.

Unakumbuka, nilikuwa barazani kwako hapa Wawi na rikoda yangu, najaribu nyimbo ya mapenzi. Wewe uko uani, ukaliona wingu. Ukapiga ukelele: "Anueni! Mvua hiyooo! Anueni!" Mtaa mzima ukatoka mbio kukunja majamvi ya karafuu zilizoanikwa. Nikaichukua kaseti nikampelekea Seif, rafiki yangu mwenye studio pale Chake, chumba kimoja, ukuta wote umebandikwa trei za mayai. Akasikiliza mara moja tu. "Hamad, hayo mapenzi yako tupa. Nyimbo ni huyu bibi." Tukakutilia ngoma kwa chini, mie nikawa naitikia: "Naja, Mama, naja!" Tukaiita "Anueni".

Vijana waliipenda, harusi haikwisha bila ya kupigwa. Shehe wa mtaa akanambia kumrikodi mkwe bila idhini ni kukosa adabu, hata angekuwa anasoma Kurani. Mtangazaji mmoja wa Unguja akauliza kama Pemba tunaimba au tunafukuza kuku. Na wenye karafuu ndio walionitukana hasa, maana kila redio ikiipiga mtu anaacha wali motoni, anatoka mbio, jua kali! Jirani yetu Makame alianua mara tatu siku moja. Akaja kukushitakia, "Bi Riziki, funga mdomo wako au funga mkweo!" Ukamjibu, "Mie nimeimba bure, wewe umekimbia bure. Tumelingana."

Tulicheka. Lakini watu wakazoea. Ikawa wakikusikia hawatoki tena.

Sasa ile alasiri. Nilikuwa chumba cha mbele, nimelala chali kitandani. Nikakusikia, "Anueni! Mvua hiyooo!" Nikadhani ni redio ya Makame. Wallahi, Mama, niliitikia. Naja, Mama, naja, na mguu natingisha, na wewe uko nje peke yako na majamvi sita.

Mvua ilipopiga juu ya bati la nyumba ndipo nikafahamu. Badala ya kukimbilia uani, haya ikanishika. Nikatokea dirishani, peku, nikazunguka kwenye migomba, nikarowa chepechepe, nikaja kwa mbele nahema: "Ndio kwanza nafika kutoka Wesha, Mama! Kuna nini?"

Karafuu zilipauka, zikaingia ukungu. Bati la jiko ulilotegemea kulinunua kwa karafuu hizo likangoja mwaka mwengine, na mvua ikinyesha ukawa unapika umejifunika sinia kichwani. Majirani walikuja mmoja mmoja wakasema kweli: "Tusamehe, tulidhani redio." Mie peke yangu ndiye niliyekuwa Wesha.

Wewe ulinambia neno moja tu: "Pole na safari, mkwe wangu."

Baada ya arubaini yako nikashindwa, nikamwambia Salma yote. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama alijua siku ile ile. Viatu vyako vilikuwa mlangoni. Alinambia, 'Mumeo kaenda Wesha peku. Muache, atasema mwenyewe.'"

Ukaningoja miaka yote hiyo! Na mie kila nikitoka unaniuliza, "Viatu umevaa, mkwe?" Nikadhani ni huruma ya mama. Nikawa najisifu kwa watu, mkwe wangu ananijali mpaka miguu.

Basi ndiyo nasema. Nilikuwa ndani. Nilikusikia. Nisamehe, Mama.

Jana redio ya Makame imeipiga tena. Saa sita ya mchana, mbinguni hakuna hata kiwingu. Nikamuona Makame anatoka. Mkewe naye akatoka, wakatoka wa nyumba ya pili, na wote wanajua ni nyimbo. Hakuna aliyekunja jamvi. Wamesimama tu, wanatazama juu, wanacheka. Makame akasema, "Haya, Bi Riziki, tumetoka. Usije ukasema hatukusikia."

Mie walinikuta nimeshafika, narukaruka, sakafu ya nje inaunguza nyayo.

Mola akupe kivuli kizuri, Mama. Kila nikikusikia nitatoka, liwe jua, iwe mvua. Na viatu nitaviacha mlangoni, uvione.

Mkweo,
Hamad