Wiebke Avua Gauni Ufukweni

Dada yangu Gudrun,

Huku Prerow sote wazima, na viazi vyangu mwaka huu vimewashinda majirani wote. Lakini hasa nakuandikia habari za Wiebke wangu. Unajua tangu akatwe titi kwa ile saratani, alikuwa akijifungia mlango hata kubadili blauzi, asinionyeshe mimi niliyemzaa.

Jumapili nilimvuta hadi ufuko wetu wa kukaa uchi. Akaketi na gauni hadi shingoni, ikawa yeye ndiye anayetazamwa na wote. Mzee Detlef, uchi na kofia yake, akamuuliza, "Binti, unasikia baridi, au umetumwa kutukagua?"

Wiebke akacheka, akavua. Hakuna aliyegeuka. Detlef akasema tu, "Haya njoo, timu yetu ya voliboli imepungukiwa mtu." Dada, aliwachapa vibaya. Huyo ndiye binti yangu.

Jioni jua lilikuwa limembabua. Akaniomba nimpake mtindi mgongoni, kama mama alivyokuwa akitupaka sisi. Nilipomaliza akageuka mwenyewe, akasema, "Na huku mbele pia, Mama."

Nikampaka, polepole.

Nduguyo akupendaye,
Roswitha