Bahasha Ndani ya Koti la Mjomba

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani,
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Mama alinilea nisalimie kwanza hata nikiwa nimefura kwa hasira, basi salamu ndizo hizo. Zipokee, kisha ukae vizuri kwenye kiti.

Mama ana saratani ya titi. Najua unajua. Umejua kwa miezi sita, wewe na Mjomba, huku mwenye ugonjwa akiambiwa ni kijivimbe tu kitakachokwisha chenyewe. Mimi nami nikaambiwa hivyohivyo, eti kwa sababu mdomo wangu hauna breki. Kosa langu ni kwamba niliamini bila kudai kuiona karatasi.

Siri yenu imefichuka vipi? Wiki iliyopita Mjomba alileta lile koti lake la ualimu libadilishwe bitana. Kwa Mama! Fundi cherehani wa miaka thelathini kazini, ambaye hukagua mifuko ya kila nguo kabla ya kushika mkasi! Akatoa humo bahasha ya hospitali yenye jina lake, imeshafunguliwa, imekunjwa mara nne. Akaisoma. Akamaliza bitana, akalipiga koti pasi, ndipo akaniita nimsindikize hospitali.

Mjomba anasema ni wewe uliyeagiza kwa simu Mama asiambiwe, presha isije ikampanda. Presha gani, Kaka? Huyu ni mwanamke aliyetulea peke yake, akashona sare za shule nzima huku ana homa. Mmemgeuza mtoto mchanga bila hata kumuuliza. Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi, utaona mwenyewe.

Sasa ona huruma yenu ilichofanya. Karatasi ile ya kwanza iliandika uvimbe wa sentimita mbili, na kwapani hakuna kitu. Jana daktari alipima upya: sentimita tano, chuchu imevutwa ndani, na tezi za kwapani zimevimba. Mama akatoa futi yake ya kupimia nguo mkobani, akaangalia mbili, akaangalia tano. Mimi nilitoka nikalia kwenye korido.

Niliporudi alikuwa anamuuliza daktari kama ataishi. Daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema wanaowahi, wengi wao bado anawaona kliniki baada ya miaka mingi, wanaochelewa, baadhi.

"Basi niandike kwenye hao baadhi," Mama akamwambia.

Ataanza dawa za saratani za kutundikiwa mshipani Alhamisi ili uvimbe usinyae, kisha atafanyiwa upasuaji. Tumaini lipo, Kaka. Lilikuwa kubwa zaidi miezi sita iliyopita, na hilo sitalisahau haraka.

Halafu nesi akatoa fomu ya mwanzo, ile aliyoijaza Mjomba. Penye ndugu wa kupewa majibu kulikuwa na majina mawili, lake na lako. Mama akaazima kalamu akayakata yote mawili, polepole, mstari umenyooka kama anakata kitambaa cha mteja. Nesi akauliza, sasa majibu apewe nani?

"Mwenye titi."

Hajakuchukia. Picha yako bado iko ukutani juu ya cherehani. Ila ukitaka kujua hali yake, mpigie yeye, umuulize yeye. Si mimi wala Mjomba.

Nisalimie Wifi, na wanao waambie shangazi yao anawabusu. Mjomba hasalimu mtu, amenuna ndani ya koti lake lenye bitana mpya. Mungu akulinde, na akupe moyo wa kusikia jibu utakapouliza.

Wako akupendaye, leo kwa kuuma meno,
Mdogo wako asiye na breki.

Nyongeza: Bahasha hii ataifunga Mama mwenyewe, ameshaisoma barua yote. Ameniambia nisifute hata neno.